Jinsi ya Kupima Mabadiliko ya Mwangaza wa Nyota Changa ukiwa Uganda: Mwongozo Kamili

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, mwalimu au mpenzi wa anga aliyeko Uganda ambaye ana kamera ya lenzi za kubadilisha, au hata kompyuta na intaneti tu, na anataka kupima kwa namba jinsi mwangaza wa nyota changa unavyopanda na kushuka. Eneo tutakalolitumia zaidi ni nebula, yaani wingu la gesi na vumbi, iliyo katika upanga wa kundinyota la Jabari (Orion), ambayo katalogi huitaja kama M42. Iko umbali wa takriban miaka ya nuru 1,300, na nyota zake nyingi zina umri wa miaka milioni 1 hadi 3 tu, ilhali Jua lina umri wa miaka bilioni 4.6.

Watu wengi hudhani kwamba kikwazo kikubwa ni udogo wa darubini. Mimi sikubaliani nao. Katika eneo linalozaa nyota, vipimo huharibika hasa kwa mambo mawili: nyota ya kulinganishia ambayo nayo inabadilika, na mwanga wa nebula unaojipenyeza ndani ya kipimo. Kwa sababu hiyo hatua zinazohusu mambo hayo mawili zimeelezwa kwa kirefu kuliko nyingine.

Kwanza, elewa kinachobadilika

Mwaka 1945 Alfred Joy alizitenga nyota 11 zilizokuwa na tabia zinazofanana, akazipa jina la kundi kutokana na nyota T Tauri. Leo tunajua kwamba nyota za kundi hili bado zinasinyaa, zimezungukwa na diski ya gesi na vumbi, na zina uga sumaku wenye nguvu nyingi. Hali hizo ndizo chanzo cha mabadiliko ya aina kadhaa, ambayo mara nyingi hutokea kwa pamoja katika nyota moja.

Aina ya kwanza hutokana na madoa baridi. Uso wa nyota una madoa makubwa yenye giza kiasi, na nyota inapojizungusha mwangaza wake hupungua na kuongezeka kwa mpangilio, kwa kawaida kwa sehemu chache za kumi za mag (kipimo cha mwangaza wa nyota, kitaelezwa hapa chini), katika kipindi cha siku 1 hadi 10 hivi. Aina ya pili hutokana na gesi ya diski ambayo huongozwa na uga sumaku na kuanguka juu ya nyota kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa sekunde, ikiacha madoa ya moto mahali inapogonga. Kwa kuwa gesi haimiminiki kwa kiwango kimoja, mwangaza nao hupanda na kushuka bila utaratibu. Aina ya tatu ni vumbi la diski linalopita mbele ya nyota na kuifunika. AA Tauri ilijulikana kwa muda mrefu kwa kufifia kila baada ya siku 8.2 hivi, hadi mwaka 2011 ilipofifia kwa takriban mag 2 na kubaki hivyo. Mwisho kuna milipuko ya nadra: FU Orionis ilipanda kutoka takriban mag 16 hadi karibu mag 9.6 katika miaka ya 1936 na 1937 na haijarudi ilikokuwa, na EX Lupi ilipanda kutoka mag 13 hadi karibu mag 8 mwaka 2008 kisha ikashuka tena.

Kwa msomaji mgeni: kipimo cha mag huenda kinyume, kwa hiyo namba ikiongezeka nyota imefifia. Mag 5 ni tofauti ya mwangaza ya mara 100.

Chagua msimu na mahali

Hapa Uganda tumebahatika. Jabari huonekana vizuri zaidi kati ya Desemba na Februari, ambao ndio msimu wa kiangazi katika sehemu kubwa ya nchi. Nebula iko nyuzi 5 na nusu hivi kusini mwa ikweta ya anga, kwa hiyo ukiwa Kampala inapita kwenye kimo cha nyuzi 84, karibu kabisa na utosini. Katikati ya Desemba hufika huko kwenye saa saba kasoro usiku, katikati ya Januari kwenye saa tano kasoro, na katikati ya Februari kwenye saa tatu kasorobo. Mtu aliyeko Ulaya hupima eneo hilo hilo kupitia tabaka nene la hewa. Wewe unalipima kupitia tabaka jembamba kuliko yote.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, pwani na visiwa vya Ziwa Victoria, kama Kalangala, vina giza zuri lakini pia vina unyevu mwingi na radi za usiku zinazozaliwa juu ya ziwa, kwa hiyo lenzi hushika umande. Pili, kaskazini na Karamoja, ambako anga huwa kavu zaidi katika miezi hiyo, ndiko nyasi zinakochomwa, na moshi hupunguza mwanga wa nyota. Moshi uliotanda sawasawa hautaharibu kazi yako kwa sababu unalinganisha nyota zilizo katika picha moja. Moshi unaopita kwa mafungu ndio wa kuogopwa.

Anayependa kufanya kazi katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, hasa kusini na magharibi mwa nchi, anaweza kuigeukia nyota R Coronae Australis, iliyo nyuzi 37 kusini mwa ikweta ya anga, ambayo nayo imezungukwa na nebula yake. Kaskazini mwa Uganda miezi hiyo ni ya mvua.

Chagua nyota ya kupima

Anza na nyota moja au mbili, usizidishe. Pendekezo langu ni T Orionis, iliyo kusini mashariki mwa kitovu cha M42, ambayo hubadilika kati ya takriban mag 9.5 na 12.5 kwa sababu ya vumbi linaloifunika. UX Orionis nayo ina tabia kama hiyo, na ina faida moja kubwa: iko mbali na nebula angavu, kwa hiyo ni rahisi zaidi kwa anayeanza. Ukishaizoea, rudi kwa T Orionis.

Kuna sababu ya kuchagua nyota angavu. Miradi mikubwa inayopiga picha za anga zima kila usiku imeundwa kwa ajili ya nyota hafifu, na nyota yenye mag 9 au 10 mara nyingi hujaza kihisi cha kamera zake hadi kipimo kinakosa maana. Mtu mwenye lenzi ya milimita 200 anafanya kazi ambayo mitambo hiyo haiwezi kuifanya vizuri.

Nyota linganishi: hatua ya kuchukulia muda

Kupima kwa kulinganisha maana yake ni kugawanya mwanga wa nyota yako kwa mwanga wa nyota jirani ambayo haibadiliki. Katika anga la kawaida, nyota nyingi utakazozichukua zitakuwa tulivu kwa kiasi cha kutosha. Katika Jabari hali ni tofauti, kwa kuwa majirani wa nyota changa nao ni nyota changa. Ukichukua nyota yoyote iliyo karibu, unaweza kupata grafu nzuri yenye mawimbi ya siku nne, kumbe mawimbi hayo ni ya jirani na yamegeuzwa juu chini.

Fuata utaratibu huu. Tengeneza chati ya nyota yako katika tovuti ya AAVSO, shirika la wapimaji wa nyota zinazobadilika lililoanzishwa mwaka 1911, na uandike namba ya chati hiyo kwa sababu utaihitaji wakati wa kutuma vipimo. Chati itakuonyesha nyota ambazo mwangaza wake umepimwa na kukubaliwa. Kisha hakiki kila moja mwenyewe katika takwimu za chombo cha angani cha Gaia, kilichopima umbali wa nyota. Nyota za M42 zina paralaksi, yaani mhamo mdogo wa nyota unaokuwa mkubwa kadiri nyota ilivyo karibu, ya karibu milisekunde 2.5 za tao (sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja). Nyota yenye paralaksi ya 4 au zaidi iko mbele sana ya wingu hilo na haina uhusiano na kizazi chake. Nyota ya namna hiyo, yenye rangi inayokaribiana na ya nyota yako na mwangaza usiotofautiana nayo kwa zaidi ya mag 1.5, ndiyo unayoitaka. Angalia pia VSX, katalogi ya nyota zinazobadilika, ili ujue kama tayari imeandikishwa kuwa inabadilika.

Usitegemee nyota moja. Chagua tatu au nne za kulinganishia na moja ya uhakiki, ambayo utaipima kama vile ndiyo unayoichunguza. Mtawanyiko wa vipimo vya nyota ya uhakiki, usiku baada ya usiku, ndio kosa lako halisi. Ikiwa nyota ya uhakiki inayumba kwa mag 0.04, basi badiliko la mag 0.05 katika nyota yako halistahili kutangazwa, hata programu ikikuambia kwamba kosa ni 0.008.

Kusimika kamera kwenye ikweta

Miongozo mingi ya kigeni inamtaka msomaji aelekeze mhimili wa stendi yenye mota, inayofuata mwendo wa nyota, kwenye Nyota ya Kaskazini. Kwetu nyota hiyo iko kwenye upeo wa macho, imefichwa na miti, vilima na ukungu, na mhimili wenyewe unatakiwa ulale karibu sawa na ardhi. Stendi nyingi hazikuundwa kulala hivyo. Uzani wa kusawazisha hugonga miguu. Kabla ya kununua, hakikisha stendi inaweza kushuka hadi nyuzi 0, na ukishaipata, tumia dira iliyosahihishwa kwa mkengeuko wa sumaku, weka mhimili mlalo kwa pimamaji, kisha angalia kama nyota inahamia kaskazini au kusini katika picha za dakika kadhaa na urekebishe taratibu.

Asiye na stendi yenye mota asikate tamaa. Anga la karibu na ikweta husogea sekunde 15 za tao kwa kila sekunde moja ya saa. Kwa lenzi ya milimita 85 na pikseli za mikroni 4, hiyo ni pikseli moja na nusu kwa sekunde, kwa hiyo picha ya sekunde 5 itakuwa na mistari mifupi ya pikseli 7 au 8, ambayo inapimika. Piga picha nyingi fupi na uzijumlishe.

Piga kwa faili ghafi, kamwe si JPEG, maana JPEG hubadilisha uwiano wa mwanga. Weka ISO moja, kwa mfano 400 au 800, na usiibadilishe msimu mzima. Kwa kamera ya biti 14, ambayo namba yake ya juu ni 16,383, hakikisha pikseli angavu kuliko zote ya nyota yoyote utakayoitumia haivuki 11,000 hivi. Fungua fokasi kidogo tu ili nyota ienee juu ya pikseli kadhaa, lakini ndani ya nebula usizidishe. Mwishoni piga picha za giza, kifuniko kikiwa juu ya lenzi na muda ukiwa ule ule, pamoja na picha za anga sawia la jioni kwa ajili ya kusahihisha vumbi na giza la pembeni mwa lenzi.

Saa: mahali ambapo Waswahili huteleza

Vipimo vyote huandikwa kwa saa ya ulimwengu, UT, na hatimaye kwa tarehe ya Julian, yaani siku zikihesabiwa mfululizo kwa namba moja. Weka saa ya kamera kwenye UT moja kwa moja. Kama daftari lako linatumia saa yetu ya kawaida, kanuni ni kuongeza 15 kwenye saa ya usiku: saa tatu usiku ni 18:00 UT, na saa nane usiku ni 23:00 UT. Saa tisa usiku inakuwa 24:00, yaani hapo ndipo tarehe ya UT inapobadilika. Kati ya saa sita na saa tisa usiku, kalenda ya ukutani imeshaingia siku mpya lakini UT bado iko jana. Hapa ndipo vipimo vingi hupotea siku nzima.

Tarehe ya Julian ina nafuu kubwa kwetu. Siku yake huanza saa sita mchana UT, yaani saa tisa alasiri kwa saa yetu, kwa hiyo usiku wetu wote, kuanzia machweo hadi macheo, hubeba namba moja nzima. Kwa mfano, saa tatu usiku ya tarehe 15 Januari 2025 ni 2460691.25, na vipimo vyote vya usiku huo vitaanza na 2460691. Ukikuta namba nzima imebadilika katikati ya usiku, jua umekosea kugeuza.

Kupima ndani ya nebula

Programu za bure kama AstroImageJ na Siril zinatosha. Tenga rangi ya kijani ya faili ghafi, kwa kuwa ndiyo inayokaribiana na V, kipimo cha wanaastronomia kinachotumia kichujio cha kijani-njano. Kisha programu huchora duara kuzunguka nyota, hujumlisha mwanga wote ulio ndani yake, na hutoa mwanga wa anga uliopimwa katika pete ya nje.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme nyota yako imetoa 18,400 na nyota linganishi yenye mag 9.80 imetoa 46,000. Uwiano ni 0.4, logi yake ni −0.398, ukizidisha kwa −2.5 unapata 0.99. Nyota yako ina mag 10.79.

Ugumu uko kwenye ile pete. Katika M42 pete haipiti juu ya anga tupu. Inapita juu ya gesi inayong'aa, yenye mikunjo, angavu upande mmoja na hafifu upande mwingine. Tena oksijeni ya nebula hung'aa kwa nguvu katika urefu wa wimbi wa nanomita 500.7, na rangi ya kijani ya kamera huupokea mwanga huo. Kwa hiyo tumia duara dogo, lenye nusu kipenyo kisichozidi mara moja na nusu ya upana wa nyota, na pete nyembamba iliyo karibu. Agiza programu ichukue thamani ya kati ya pete badala ya wastani, ili nyota ndogo zilizoangukia humo zisikupotoshe.

Kisha fanya majaribio mawili. Jaribio la kwanza: pima picha ile ile kwa maduara matatu ya ukubwa tofauti. Jibu likibadilika kwa utaratibu kadiri duara linavyokua, nebula imo ndani ya kipimo chako. Jaribio la pili: chora grafu ya mag dhidi ya upana wa nyota katika kila picha. Ikiwa nyota "inang'aa" kila usiku ambao hewa ni mbaya na picha zimetanuka, umepima hewa ya Uganda, si nyota. Grafu hiyo ya pili ni ya lazima. Mimi siamini mabadiliko yoyote ya chini ya mag 0.2 ndani ya M42 bila kuiona.

Chukua wastani wa picha kumi au zaidi kuwa kipimo kimoja cha usiku.

Ukiwa na intaneti peke yake

Mtandao wa ASAS-SN una kamera katika Hawaii, Chile, Texas na Afrika Kusini, na hutoa grafu ya nyota yoyote kwa kuandika anwani yake ya anga. ZTF, mradi mwingine wa kupiga picha za anga ulioanza kazi mwaka 2018 huko Palomar, California, hufikia nyota hafifu zaidi. Chombo cha angani cha TESS, kilichorushwa Aprili 2018, huangalia eneo moja kwa siku 27 hivi mfululizo. Kabla ya kuamini grafu, tazama ukubwa wa pikseli: ya ASAS-SN ni sekunde 8 za tao na ya TESS ni 21. Katika msongamano wa M42, pikseli moja ya TESS inaweza kubeba nyota kadhaa pamoja na kipande cha nebula, kwa hiyo mawimbi unayoyaona huenda si ya nyota uliyoiandika. Pembeni mwa nebula takwimu hizi ni hazina.

Kutafuta kipindi

Ukishakuwa na vipimo vya wiki sita hadi nane, tumia njia ya Lomb-Scargle, inayochora grafu yenye kilele penye kipindi kinachojirudia na iliyomo katika maktaba ya astropy ya lugha ya kompyuta ya Python, ambayo haidai vipimo vilivyopangwa kwa nafasi sawa. Tahadhari ni moja. Ukipima kila usiku saa ile ile, kipindi cha kweli cha siku 8.2 kitatoa kilele kingine karibu na siku 1.14, na grafu pekee haiwezi kukuambia kipi ni cha kweli. Dawa yake ni kupima mapema usiku mmoja na usiku mwingine karibu na alfajiri, au kuchanganya vipimo vyako na vya mtu aliyeko longitudo nyingine. Usiku mmoja wa kupima bila kukoma kwa saa sita au saba pia hutosha kuukataa uongo wa siku 1.14, kwa sababu kwa mwendo huo nyota ingebadilika waziwazi kabla ya kupambazuka.

Kusoma umbo na rangi

Mwezi Desemba 2011 darubini za angani Spitzer na CoRoT ziliangalia kwa pamoja nyota changa za kundi la NGC 2264 kwa takriban siku 30, na kutokana na kazi hiyo wanaastronomia walipata njia nzuri ya kuzipanga kwa namba. Unaweza kuitumia hata kwenye lahajedwali. Chukua asilimia 10 ya vipimo hafifu zaidi na asilimia 10 ya vipimo angavu zaidi, tafuta wastani wa vyote hivyo kwa pamoja, toa thamani ya kati ya vipimo vyote, kisha gawanya kwa mkengeuko sanifu. Ukitumia mag, jibu linalozidi 0.25 linaonyesha nyota inayozama mara kwa mara, yaani vumbi linapita; jibu lililo chini ya −0.25 linaonyesha nyota inayoruka juu, yaani gesi inaanguka kwa mafungu. Katikati ya hapo umbo lina ulinganifu, kama la madoa.

Rangi huthibitisha. Vumbi la kawaida likiifunika nyota kwa mag 0.31 katika V, tofauti ya B (kipimo cha mwanga wa bluu) na V huongezeka kwa 0.1 hivi, yaani nyota inakuwa nyekundu zaidi inapofifia. UX Orionis na wenzake hufanya hivyo mwanzoni, lakini wakifika chini kabisa hugeuka kuwa bluu, kwa sababu nyota yenyewe imefunikwa na kinachobaki ni nuru iliyotawanywa na vumbi la pembeni. Rangi za kamera si sawasawa na vichujio vya B na V, lakini mwelekeo huo utauona.

Kutuma vipimo, na la kufanya nyota ikilipuka

Jiandikishe AAVSO upate alama ya mpimaji, kisha tuma kila kipimo pamoja na tarehe ya Julian, mag, kosa lililotokana na nyota ya uhakiki, namba ya chati na alama ya rangi, ambayo kwa kijani cha kamera ni TG. Usiandike V kama hukufanya marekebisho ya rangi.

Ukiona nyota imepanda kwa zaidi ya mag 1, au mahali palipokuwa patupu pana mwanga, usipuuze. Januari 2004 Jay McNeil, mpenzi wa anga wa Kentucky, alipiga picha kwa darubini ya inchi 3 na kugundua nebula mpya karibu na nebula ya M78, katika kundinyota hili hili la Jabari. Nyota changa iliyoiangaza sasa huitwa V1647 Orionis. Hakikisha kwanza kwamba mwanga umo katika picha zaidi ya moja na umebaki mahali pale pale usiku uliofuata, ili uondoe setilaiti na asteroidi. Linganisha na picha zako za zamani zilizopigwa kwa lenzi ile ile, angalia kama nyota jirani zimebaki zilivyokuwa, kisha peleka taarifa AAVSO pamoja na faili ghafi. Baada ya hapo pima kila usiku ulio wazi, hata kama mvua za Machi zinakuachia nusu saa tu kati ya mawingu, kwa sababu wiki za kwanza za kupanda ndizo ambazo huwa na vipimo vichache zaidi.